Scolastika Mbuke, Aliyengoja Amina ya Wenzake

Scolastika Mbuke alizaliwa Kishapu yapata mwaka 1911, kwenye shamba la mtama, mama yake akiwa hajaweka hata jembe chini. Malisho yalipokauka, baba yake Maige aliswaga ng'ombe na jamaa yake yote mpaka upande wa Geita. Huko ndiko binti alikoisikia Injili, akavishwa medali ya wanaojiandaa kubatizwa. Alikuwa mpole na mwepesi wa kucheka, ila hakuweza kuona watu wanalima akapita zake; lazima angeingia mstarini.

Kijijini hapo Wakristo walikuwa wa pande mbili. Wakatoliki walikaa huku, Waprotestanti ng'ambo ya kijito, na salamu haikuvuka. Wakikutana kisimani, hawa walifanya ishara ya msalaba, wale walifumba macho, hata mitungi ikagongana ikavunjika. Jambo hilo lilimkosesha Mbuke usingizi. Akamwuliza katekista wake, Mwalimu Theonest, kama Baba ni mmoja, mbona watoto hawali pamoja. Theonest akamwambia akariri katekisimu.

Mwaka 1931, mvua za kwanza zikiwa zimenyesha, Mzee Mihayo, kiongozi wa Waprotestanti, alianguka kutoka juu ya paa la kanisa lao akiezeka, akavunjika mguu. Shamba lake likabaki pori. Mbuke akaaga kwenda kumlimia.

"Ukikanyaga kule," alisema Theonest, "Pasaka hii maji ya ubatizo huyapati. Utapata ya mvua tu."

Mbuke alilia, maana ubatizo aliutamani kuliko chakula. Kisha akafuta machozi, akachukua jembe.

Mke wa Mihayo, mama Mageni, alimpokea mkono kiunoni.

"Shikamoo, mayu," alisema Mbuke, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Marahaba. Umetumwa kutupeleleza?"

"Nimekuja kulima."

"Na hiyo medali shingoni?"

"Hiyo hailimi, mayu. Inaning'inia tu."

Mageni akacheka bila kutaka, akampisha mstarini.

Habari zikafika kwa vijana wa Kikatoliki. Kwa desturi ya Wasukuma, anayeacha shamba la mgonjwa naye huachwa siku yake, na hakuna aliyetaka kuachwa. Wakaja na majembe na ngoma. Waprotestanti wakaikataa ngoma, wakisema ni ya pombe na mizimu. Basi wakalima bila ngoma, kila mtu kwa mwendo wake, na jembe la Bujiku Mprotestanti nusura likate kidole cha Apolonia Mkatoliki. Wakatoliki wakaanzisha litania. Majembe ya Waprotestanti yakabaki hewani, hayataki kuwaomba watakatifu. Waprotestanti nao wakaanzisha wimbo wao, ukawa wa polepole mno, hata majani yakaelekea kuota tena nyuma yao.

"Baba Yetu je?" akauliza Mbuke. "Mnayo?"

"Tunayo!" wakajibu, kama walioulizwa kama wana chumvi nyumbani.

Majembe yakashuka pamoja, neno kwa neno. Ila Wakatoliki walipofika "Amina" waliegemea mipini wakapumzika, na Waprotestanti wakaendelea: "Kwa kuwa ufalme ni wako, na nguvu, na utukufu!" Kila sala wakawaacha wenzao hatua kadhaa.

Theonest, aliyekuja kumfukuza Mbuke hadharani, alisimama njiani akaona watu wake wanashindwa. Uvumilivu ukamwisha.

"Ongezeni Salamu Maria!" akapiga kelele, akakunja kanzu, akaingia mstarini.

Wakaongeza. Waprotestanti wakaongeza haleluya. Vumbi likatimka, hakuna aliyetazama mpaka, na walipoinua vichwa shamba la Mihayo lilikuwa limekwisha, wakawa katikati ya shamba la jirani. Jirani huyo alikuwa Theonest mwenyewe.

Mihayo, mguu wake umefungwa vijiti, akaita kutoka kwenye kigoda: "Mwalimu! Lako nalo limelimwa na Waprotestanti. Utalifukia?"

Theonest alikung'uta udongo kwenye kanzu yake. "Mbuke," akasema, "Pasaka njoo mapema. Watu watakuwa wengi."

Akabatizwa, akaitwa Scolastika. Mtama wa Theonest mwaka ule ulivunja mabua kwa uzito, nao wazee wa pande zote mbili waliuhesabu kuwa muujiza, kwa kuwa udongo wake ulijulikana kwa ubovu.

Dhahabu ilipoanza kuvuta vijana wa kila dini, Scolastika aliwapelekea wachimbaji wagonjwa uji, akisali na kila mmoja kwa namna yake. Homa ya machimboni ndiyo iliyomchukua, mwaka 1938. Kaburini Theonest aliongoza Baba Yetu. Wakatoliki wakafika Amina, wakanyamaza. Ng'ambo ya kaburi Waprotestanti nao walinyamaza, kwa heshima ya wenye msiba. Ndipo sauti moja, kavu na ya kukwaruza, ikaendelea peke yake: "Kwa kuwa ufalme ni wako..." Ilikuwa ya Theonest. Mageni akaidaka, na wote wakaimaliza.

Kanisa halijamwandika Scolastika kati ya watakatifu wake. Lakini kijijini kwao, mpaka leo, Mkatoliki akifika Amina shambani haegemei mpini. Hubaki ameinua jembe, akingoja jirani amalize, washushe pamoja. Nasi tumwige.