Viungo Visivyosagwa

Mtafiti alikuwa na jina lake zuri tu, lakini tangu siku ya kwanza mlinzi wa getini alimwita Mama Viungo, na likamganda. Kazi yake ilikuwa kuchunguza ugonjwa ambao kinga ya mwili, badala ya kupigana na vijidudu, humgeukia mwenye mwili na kumvimbisha magoti na vidole. Alipomweleza mama yake, ambaye kwa ugonjwa huohuo hakuweza tena kufunga vifungo vya blauzi, mama alicheka.

"Kikulacho ki nguoni mwako, mwanangu. Changu kimevuka nguo, kimeingia ngozini."

Ndiye aliyetoa sampuli namba moja: maji kidogo yaliyovutwa kwa sindano gotini. Miaka sita baadaye sampuli zilikuwa arobaini, zote katika friza moja kongwe ambalo mlango wake ulifungwa kwa mpira wa baiskeli. Jumatatu moja fundi alilitegea sikio, akatikisa kichwa.

"Dada, hili lina wiki tu. Likizima, vyote vya humo vimeharibika."

Siku ileile Mama Viungo akaiandikia Ofisi ya Manunuzi kuomba friza la kuhifadhia sampuli za viungo. Jumanne barua ikarudi na muhuri mwekundu: IMEKATALIWA. Chini yake karani alikuwa amechapa maelezo ya bosi wake: "Viungo vikavu havigandishwi. Tumia makopo yenye vifuniko."

Akaandika tena, kwa upole, kwamba ni viungo vya mwili, yaani magoti na vidole. Jumatano: IMEKATALIWA. "Taasisi haina kibali cha kuhifadhi vidole. Wasiliana na mochwari." Akaandika ya tatu, kwamba hana kidole hata kimoja cha mtu, ana maji ya viungo tu. Alhamisi: IMEKATALIWA. "Maji ya viungo ni mchuzi. Peleka jikoni."

Ijumaa asubuhi mpishi wa kantini, aliyepelekewa nakala, alimletea kinu na mchi kwa moyo mweupe kabisa. Hapo maji yakazidi unga. Mama Viungo akaubeba mchi begani mpaka kwa afisa manunuzi.

"Mzee, una nini na mimi?"

"Weka mchi chini kwanza, Mama Viungo."

Akauweka, na ndipo alipoiona mikono ya mzee. Vifundo vya vidole vilikuwa vimevimba, kulia na kushoto sawasawa, na muhuri ameushika kwa ngumi.

"Asubuhi vinakakamaa?"

"Nimelalia mkono."

"Yote miwili?"

Mzee akainuka. Akausukuma mlango kwa kiwiko mpaka ukafungika.

"Kukataa kunataka muhuri tu," alinong'ona. "Kukubali kunataka sahihi, nakala sita. Huu ni mwezi wa nne siwezi kushika kalamu. Wakijua, kazi sina."

"Kwa hiyo umekataa maombi yote?"

"Yote. Hata ya kiti changu mwenyewe."

Kweli kiti chake kilikuwa na miguu mitatu na tofali. Mama Viungo alitaka kucheka, lakini huruma ikamzuia. Hivyohivyo ndivyo mama yake alivyokuwa akiacha blauzi wazi, akidai eti anasikia joto.

Akaagiza beseni la maji ya uvuguvugu. Mzee akachovya mikono, akatia sahihi, akachovya tena. Nakala sita zilimaliza asubuhi nzima, na kwenye ya mwisho herufi zilikuwa zimelala chali. Friza lenyewe halikuchelewa, kwani lilikuwa stoo miezi minne sasa, likisubiri sahihi. Walipomaliza kuhamisha sampuli ya arobaini, lile kongwe likazima lenyewe kabla halijachomolewa.

Jumatatu mzee alikuja maabara, akapandisha suruali juu ya goti lililovimba nalo, akafumba macho. Daktari wa taasisi akamvuta maji gotini.

"Nitapona?"

"Kupona sikuahidi," Mama Viungo alisema. "Lakini dawa za kutuliza zipo, na kalamu nina hakika utaishika tena."

Alipokuwa akiandika kibandiko cha sampuli ya arobaini na moja, mzee alifungua jicho moja.

"Andika vizuri, mwanangu, kwa herufi kubwa. Wasije wakanipeleka jikoni."