Pikapu Inayogonga Mara Tatu

Saa saba mchana, jua liko utosini na gereji iko kimya kwa sababu mafundi wamekwenda kula. Mama Springi anakanyaga ngazi ya chuma aliyoichomelea mwenyewe, anapanda kwenye pikapu kuukuu, anakaa mbele ya usukani. Katikati ya usukani, pale penye kitufe cha honi, pana tundu tupu. Mkono wake unakwenda kwenye ufunguo.

Ngo. Ngo. Ngo.

Sauti inatoka chini, chuma kwa chuma. Mama Springi anaurudisha mkono mapajani, anashuka bila haraka, anapiga magoti kwenye mchanga ulioshiba oili na kuchungulia. Chini ya gari kuna kivuli tu. Hakuna mtu.

"Umesikia?" anauliza.

Mwandishi wa makala haya, aliyesimama kando ya gari, amesikia, na hana haja ya kujitia ushujaa. Nywele zimemsimama, tena mchana kweupe.

Ili kuelewa kwa nini mwanamke huyu wa miaka arobaini na moja hawashi gari lake mwenyewe, ni lazima kwanza kuijua lugha ya gereji hii. Fundi aliye chini ya gari hapigi kelele, maana mashine za kukatia vyuma zingeimeza sauti yake. Hugonga chesisi kwa spana. Mara tatu maana yake, "Nipo chini, usiwashe." Aliye kwenye usukani hujibu kwa honi moja, kwamba amesikia. Kisha husubiri. Wa chini akishatoka hugonga mara mbili: "Nimetoka, washa."

"Ukiwasha kabla ya hizo mbili, huna kazi hapa," anasema Mama Springi. "Hata uwe mtoto wa mwenye gereji."

Sheria hiyo aliiweka kaka yake, Fundi Mkubwa, aliyeanzisha gereji na kumfundisha ufundi mdogo wake wakati wanaume wa mtaa mzima wakicheka. Waliocheka ndio leo wanapanga foleni. Lori likilala upande mmoja kwa springi kukatika wanamtafuta yeye, na jina la Mama Springi limemganda kiasi kwamba hata wanawe wamezoea kusikia likiitwa getini.

Miaka saba iliyopita, mwanzoni mwa masika, Fundi Mkubwa aliondoka na pikapu hii kumpelekea mama yao dawa na unga. Mama anaishi kilimani, ng'ambo ya mto ambao hauna daraja, una kivuko cha mawe tu. Hakufika.

Gari lilikutwa kandokando ya kivuko, limesimama salama. Jeki ilikuwa bado imeshikilia ekseli ya mbele. Viatu vyake vilikuwa vimepangwa juu ya jiwe. Inaelekea kuna kitu kililegea, akaingia chini kukikaza, na mto ukashuka kwa ghafla kutoka milimani, kwa mvua ambayo huku chini hakuna aliyeiona. Maji yalipopungua, chini ya gari palikuwa na mchanga mpya, laini, usio na alama hata ya unyayo. Mwili haukupatikana.

"Watu wakaja na lori, wakafunga mnyororo, wakavuta," anasema, akijifuta mikono kwa kitambaa ambacho ni kichafu kuliko mikono yenyewe. "Sikuwepo. Hakuna aliyepiga honi. Hakuna aliyemwambia kaka kwamba gari linaondoka. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo."

Pikapu ilikaa nyuma ya gereji kwa miaka mingi, kuku wakatagia humo. Aliyemfanya aifufue ni mama yake. Bikizee huyo amebaki karibu peke yake kilimani, miguu imevimba, na masika yaliyopita mto ulimfungia huko hadi jirani aliyekuwa akimchotea maji akahama. Masika mengine yako mlangoni. Binti amembembeleza kwa simu ateremke waishi wote, mpaka amechoka.

"Nitapanda gari la mwanangu, si jingine," mama alimjibu. "Likifika kivukoni lipige honi moja kama alivyokuwa akipiga yeye. Nisipoisikia, siteremki."

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, kwa hiyo hakubishana. Akaanza kazi.

Fedha ya kila gari la tatu analotengeneza humezwa na pikapu hii. Ameongeza vipande vya springi kutoka kwenye lori bovu, akaiinua bodi mpaka mbuzi anapita chini yake bila kuinama. Amevalisha tairi zenye kashata nene za kung'ata matope. Bomba la hewa amelipandisha kando ya kioo hadi juu ya paa ili injini isinywe maji, na vipumulio vya difu na giaboksi navyo ameviunganisha na mipira mirefu. Mbele kuna bampa nzito yenye winchi, ya kujivutia kwenye mti gari likikwama.

Siku ya kwanza alipojaribu kuliwasha, lilimgongea mara tatu.

Cheche, mchomeleaji wa kibanda cha jirani, ana maelezo yake. "Chuma kinapata joto, springi mpya hazijatulia, ndiyo zinalia," anasema. "Mimi mambo ya mizimu siyaamini kabisa."

Je, amewahi kukaa ndani ya gari hilo?

"Ya nini? Mimi nina kiti changu."

Mwezi uliopita Cheche huyohuyo alimcheka jirani yake hadharani. Mama Springi alikuwa anakwenda kulijaribu gari kwenye mteremko wa machimbo, likagonga, naye akashuka kuangalia kama kawaida yake. Cheche akasema atazeeka akiwa amepiga magoti. Safari hii Mama Springi, mbali na kuchungulia, aliingia chini na taa.

Alikuta kosa lake mwenyewe, ambalo hulifanya wanaoinua magari. Springi alizirefusha, lakini mpira wa breki wa nyuma aliuacha uleule mfupi. Ulikuwa umekazika kama kamba ya kuanikia nguo. Gurudumu moja lingedumbukia kwenye shimo, mpira ungekatika, na mteremko wa machimbo unaishia kwenye korongo.

"Cheche hakucheka tena," anasema. "Hata mimi sikucheka. Nilikaa pale chini nikalia. Nikamwambia, asante kaka, ila na wewe ungetoka sasa."

Mpira ameurefusha. Bolti zote amezikagua, na fundi mwingine akazikagua tena. Gari halina kasoro. Lakini kila mkono unapokaribia ufunguo, hugonga tatu, naye hushuka. Mbili hazijawahi kusikika. Wingu limeanza kukaa juu ya milima tangu juzi, na mama yake yuko huko.

Kazi iliyobaki leo ni ndogo. Honi ya zamani ilikufa maji kivukoni, na mpya ilicheleweshwa makusudi iwe ya mwisho, maana haivushi gari mto. Sasa anaifunga kwa ajili ya mama. Anakaza skrubu mbili, anaunganisha waya, anapachika kitufe mahali pake. Anapanda tena. Anapeleka mkono kwenye ufunguo.

Ngo. Ngo. Ngo.

Anaanza kushuka kwa mazoea, mguu mmoja uko tayari kwenye ngazi. Halafu anasimama hapohapo. Anamtazama mwandishi kama mtu aliyekumbuka kwamba ameacha jiko linawaka.

"Miaka yote hii ananigongea," anasema polepole, "na hakuna aliyemjibu."

Anarudi kitini. Anabonyeza kitufe mara moja. Honi inalia, nzito kidogo kuliko ilivyotarajiwa, na kuku wanatawanyika.

Kisha anasubiri, kama alivyofundishwa. Mikono iko mapajani. Hewa chini ya gari imekuwa na baridi ambayo mchana huu hauna. Mchanga unachakarika, kama mtu anayejikokota kwa mgongo kutoka mahali pembamba.

Ngo. Ngo.

Mama Springi hajifuti machozi, anayaacha yashuke.

Cheche anatokea kwenye njia ya mkahawani, kijiti cha meno mdomoni, ananyoosha shingo. "Nani yuko chini?" anauliza. "Nimesikia mtu anagonga."

"Hakuna mtu," anajibu Mama Springi. "Ametoka."

Anageuza ufunguo, na injini inaitika mara ya kwanza. Kwa sauti ya juu, ili kuushinda mngurumo, anasema Jumamosi atakuwa kivukoni asubuhi kabla ya wingu kuteremka. Atapiga honi moja. Chumba cha mama tayari amekwisha kukipaka rangi.