Kanuni Zimewafungulia Wenzake, Yeye Nimemfungia Mimi

Admin, naomba jina langu libaki kwako peke yako. Mimi ni mama wa miaka hamsini na minane, mzaliwa wa Rabai, naishi Tudor na mume wangu aliyestaafu kazi ya bandarini. Mimi ni karani katika chuo kikuu kimoja hapa kisiwani kwa zaidi ya miaka ishirini, na kazi yangu kubwa ni kuandika kumbukumbu za vikao. Wakubwa wanasema, mimi naandika. Nimebakisha miaka miwili nistaafu, na nimechoka, jamani, uchovu ambao hata likizo haiuondoi.

Chuo kilinunua programu ya kukagua kazi za wanafunzi, inayodai kujua kipi kimeandikwa na mtu na kipi kimeandikwa na akili unde ya kompyuta. Ikageuka kuwa hakimu. Mashine ikisema kazi si yako, basi si yako, unaitwa mbele ya kamati ya nidhamu. Kesi zikaja mfululizo, nami nikaandika hadi vidole vikafa ganzi.

Siku moja akaletwa msichana wa Mji wa Kale, nitamwita Rukia. Alikuwa mwaka wa mwisho. Kazi yake ilihusu wauza vinyago wa Ndia Kuu, mtaa aliokulia, na mashine ilidai karibu yote haikuandikwa na binadamu. Mwenyekiti wa kamati, mwalimu aliyehamia kutoka bara si muda mrefu, akamuuliza kwa ukali, "Mashine inasema kazi hii si yako. Una la kusema?"

Rukia akainamisha kichwa. "Niwieni radhi, walimu wangu," akasema polepole.

Alikuwa amepakata madaftari mawili yaliyojaa maandishi ya mkono. Hakuna aliyemuuliza ni ya nini, na yeye hakuthubutu kuyafungua bila kuambiwa. Mwenyekiti akanigeukia. "Mama, andika amekiri."

Ndugu zangu, mimi ni mtu wa Pwani. Mtoto aliyelelewa kule akikemewa na mkubwa, kwanza huomba radhi, awe na kosa au asiwe nalo. Kisha mkubwa hupoa, humwambia, haya mwanangu, hebu eleza. Rukia alikuwa anangoja aambiwe aeleze. Mwenyekiti hakuijua desturi hiyo, simlaumu sana. Mimi niliijua, na kalamu ilikuwa mkononi mwangu. Lakini ilikuwa kesi ya tano siku hiyo, miguu imenivimba, nataka kwenda nyumbani. Nikaandika "mwanafunzi amekiri kosa." Akafukuzwa chuo.

Mwaka huu malalamiko yalipozidi, chuo kikaunda kamati ya kutunga kanuni za maadili ya akili unde. Na nani akawa karani wake? Mimi tena. Miezi mizima ya kubishania koma na nukta. Lakini zilipopitishwa na seneti ya chuo, kusema kweli nilifurahi. Kanuni moja inasema hakuna mwanafunzi atakayehukumiwa kwa neno la mashine peke yake, lazima binadamu amsikilize na uwepo ushahidi mwingine. Watu wakapiga makofi, tukanywa chai kwa sambusa, nikajiona nimefanya la maana kabla ya kustaafu.

Wiki iliyofuata msajili akanipa kazi. Kesi zote za zamani za waliofukuzwa kwa neno la mashine tu zifunguliwe upya, mimi niandae orodha. "Zile ambazo mwanafunzi alikiri mwenyewe, weka kando," akaniambia. "Hizo zimekwisha."

Nikatoa mafaili saba kabatini. Sita yanafunguliwa. Moja tu linabaki kando, na mwandiko uliolizuia ni wangu.

Nilikwenda kwa mwenyekiti yule wa kamati ya nidhamu, nikamweleza yule msichana hakukiri, aliomba radhi kwa adabu tu. Akavua miwani, akanitazama. "Mama, kumbukumbu umeandika wewe, na sahihi ni yako. Sasa unataka kuiambia seneti kwamba uliandika uongo? Wakikuuliza na vikao vingine umeandika nini, utajibuje?" Nyumbani mume wangu naye akasema, "Miaka miwili tu imebaki, mke wangu. Usijichomee nyumba mwenyewe."

Kisha Jumamosi nikamsindikiza dada yangu Mwembe Tayari kupanda basi la bara. Kwenye dirisha la tiketi, nani aliyekaa? Rukia. Akanitambua mara moja, akasimama, akatoka nje na kiti chake akanipa nikae. "Shikamoo, mama. Miguu haijambo?" Kumbe hata miguu yangu aliiona siku ile. Nilitamani ardhi ipasuke.

Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mama, nimesikia kesi zinafunguliwa upya. Mamangu ameniagiza niulize, lakini nimeona haya kuja ofisini. Na mimi nimo?"

Nikamwambia bado wanatazama. Akaniamini. Akanishukuru.

Orodha inatakiwa kwa msajili Jumatatu. Nimeshaandika barua ya kueleza kwamba neno "amekiri" nililiandika nikijua si kweli, iko mkobani mwangu, haina sahihi. Nikiipeleka, huenda nikaondoka chuoni kwa aibu baada ya miaka yote hii. Nisipoipeleka, yule mtoto ataendelea kukata tiketi na kungoja jibu ambalo mimi ninalo.

Wenzangu, msiniambie niombe Mungu, nimeshaomba. Niambieni mtu mzima aliyechoka kama mimi anapata wapi nguvu ya kutia sahihi. Na nikishatia, yule msichana nitamtazamaje usoni? Najua nikimwambia ukweli, ataanza kuniomba radhi yeye.