Baba Yangu Kwenye Kamba ya Mkonge

Wiki iliyopita nilipita njia ya Nyakoe nikakuta darasa letu la zamani linabomolewa. Kwa miaka mingi lilikuwa ghala tu. Kuta za udongo zilikuwa zimelala chini, na akina mama walikuwa wakichagua fito za kwenda kuwashia moto. Nilisimama pale, nikamwona tena mwalimu wetu wa historia akitembea ameinamisha kichwa ili asiguse kamba.

Ilikuwa miaka ya hamsini, rafiki yangu, nami nilikuwa nimeingia shule ya kati. Ijumaa tulibeba maji kutoka mtoni na kusiriba sakafu kwa kinyesi cha ng'ombe, kwa hiyo Jumatatu darasa lilinuka zizi, chaki, na mahindi ya kuchoma tuliyoficha mifukoni. Kitabu cha historia tulichopewa kilikuwa cha wafalme wa Uingereza. Mwalimu alikifunga siku ya kwanza akasema, "Hawa watangoja. Kwanza tujue nani aliwasha moto kwenu."

Akafunga kamba ya mkonge kutoka ukuta hadi ukuta. Mwanzo wa kamba ulikuwa wakati askari wa serikali walipochukua ng'ombe wa wazee wetu. Kisha vita vya kwanza, kisha nzige, kisha vita vya pili, kisha sisi. Kila mmoja aliambiwa aulize nyumbani, arudi na vipande vya ganda kavu la mgomba. Mtu akizaliwa, unafunga kipande kwa fundo mahali pake. Akifa, unaning'iniza kipande kilichopakwa masizi. Tuliipenda kazi hiyo kupita kiasi. Jirani yangu wa dawati alimfunga babu yake aliyelinda ng'ombe kwenye kambi za malishoni walikolala vijana wa zamani, akatueleza mpaka tukasahau kwenda kucheza.

Mimi nilifunga fundo la baba baada ya vita vya kwanza. Kipande cheusi cha baba nilikining'iniza kabla ya nzige. Fundo langu nikalifunga katikati ya vita vya pili. Niliporudi nyuma kuangalia, darasa lote lilikuwa limeshaona.

"Huyu babake alitoka kaburini kuja kuposa," mmoja akasema.

"Alikuja na ng'ombe au alikuja na mifupa?"

Walicheka. Mwalimu hakucheka. Aliniambia kwa upole, "Umekosea. Kaulize tena."

Sikuwa nimekosea. Nyumbani kwetu jambo hilo halikuwa siri. Nyanya alizaa binti na mwana mmoja, na yule mwana alikufa kwa homa kabla ya kung'oa meno ya utoto. Binti alipoolewa, nyanya alichukua ng'ombe wa mahari yake akamwolea mwanawe mke, ingawa mwana alikuwa udongoni. Mke huyo ni mama yangu. Akajengewa nyumba, ikaitwa nyumba ya yule mtoto, na sisi tuliozaliwa humo tukawa watoto wake. Wajane wengi wasio na wana walifanya hivyo siku hizo. Mwanamume aliyekuwa akija kwa mama simjui, na sikumwuliza mama hadi alipokufa.

Kesho yake mwalimu akaniuliza, "Wamesemaje?"

"Ni palepale, mwalimu."

Akalifungua fundo la baba, akalitia lile ganda mfukoni mwa shati.

Nilipomwambia nyanya, alikuwa akipepeta wimbi. Ungo ulisimama.

"Amemtia mfukoni?"

"Ndiyo, nyanya."

"Mwambie aje."

Mwalimu alikuja siku ya Sabato baada ya ibada, akasukuma baiskeli yake hadi uani. Nyanya alimpa kigoda na uji wa wimbi. Mwalimu alikuwa na adabu, alisubiri mpaka aulizwe habari za watu wote wa kwao ndipo akasema, "Mama, baba wa mtoto huyu ni nani?"

"Kwani hakukwambia?"

"Alinitajia mtoto aliyekufa."

"Basi alikwambia."

"Nataka aliyemzaa, mama."

"Aliyemzaa ni yule pale anasaga. Mwulize kama ilimwuma."

Mama aliinama juu ya jiwe la kusagia, mabega yakitikisika kwa kicheko. Mwalimu pia alitabasamu, kisha akasema kwamba kanisa haliikubali ndoa ya namna ile, na yeye hawezi kufundisha watoto jambo lisilo kweli.

Nyanya hakupandisha sauti. "Ng'ombe walitoka zizini mwangu. Nyumba ile pale, moto unawaka. Mwanangu hakuishi sana, lakini ana watoto. Ukisema hana, mwalimu, mimi nitazikwa na nani? Mashemeji wataligawana shamba hili matanga hayajaisha."

Uji ulipoa mkononi mwa mwalimu. Alitazama nyumba yetu, akanitazama mimi.

"Nirudishie mwanangu," nyanya akasema.

Akatoa lile ganda mfukoni, akampa kwa mikono miwili. Nyanya alilichomeka kwenye nyasi za paa, juu ya mlango wa mama.

Jumatatu hatukuikuta kamba. Mwalimu alituambia tufungue kitabu cha wafalme, ukurasa wa kwanza, akaanza kusoma kwa sauti ambayo haikuwa yake.

"Babako ameondoka na watu wetu wote," jirani yangu akaninong'oneza. Hakuwa akitania. Babu yake wa kambi za ng'ombe hatukumsikia tena mpaka tukamaliza shule. Mwalimu alihamishwa, nami sitasema alikuwa mbaya, kwa sababu sikupata mwingine kama yeye. Nadhani alishindwa kusema nyanya ni mwongo, akashindwa pia kusema ni mkweli mbele ya kanisa lililomwajiri.

Nyanya alipokufa, nilitupa udongo wa kwanza mahali pa mwanawe. Mashemeji walikuwepo, na hakuna aliyenizuia. Shamba likabaki letu.

Siku hizi hakuna mjane anayemwolea mwana aliyekufa, na labda ni vyema. Mama yangu hakuulizwa kama alitaka. Mwanangu wa kwanza nilimpa jina la yule mtoto. Anaishi Nairobi, anatumia jina la ubatizo peke yake. Nilimwuliza sababu, akasema lile jingine watu hawawezi kulitamka. Mimi hulitamka jioni, nikiwa peke yangu shambani.