Koti Juu ya Njaa

Gedion Nthiwa hajawahi kufundisha shule yoyote, lakini kijijini kwao, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka Mutomo, kila mtu humwita Mwalimu. Jina hilo alipewa na nguo zake. Miaka kumi na tisa alikuwa dobi katika hoteli moja ya Mombasa, akipiga pasi suti za wageni, na hoteli ilipofungwa alirudi nyumbani na ujuzi huo mmoja tu.

Kwenye mitumba hakuwa na haraka. Wengine walinunua asubuhi marobota yakifunguliwa. Yeye alingoja jua lishuke, muuzaji akishachoka na hataki kurudi na mzigo. Koti lililompwaya mabegani aliliacha hata lingekuwa la bure, kwa sababu bega halirekebishiki. Lenye mikono mirefu alilichukua, akampelekea Haroun, fundi cherehani wa pale sokoni. Haroun ndiye aliyemgeuzia kola za mashati, upande uliochakaa ukaenda chini na upande mzima ukaja juu, na shati likapata miaka mingine mitatu. Suruali zililazwa chini ya godoro zikaamka na mstari wake. Koti moja la kijivu, mashati mawili, tai moja, viatu jozi moja. Lakini Jumapili akisimama mbele ya kwaya, ungesema ni mtu wa mshahara.

Ukweli ni kwamba alikula kwa shamba na mbuzi kama wengine, na mvua zikakosa. Zilikosa msimu wa kwanza, zikakosa wa pili. Msimu wa tatu mahindi yalifika magotini yakakauka yakiwa yamesimama. Mbuzi wengine walikufa, wengine wakauzwa kwa bei ya kutupa. Ikabaki nyumba ya watu wanne: yeye, mkewe Wayua, na wajukuu wawili walioachwa na binti yao Ndululu aliyekwenda kutafuta kazi Nairobi na ambaye simu yake haikushika tena.

Chifu akatangaza kwamba kutakuwa na chakula cha msaada, na kila familia ikaandikishwe katika uwanja wa shule. Gedion alivaa kama alivyovaa siku zote akienda mbele za watu. Hakufikiria mara mbili. Alipofika, Mutiso, mzee wa kijiji aliyepewa daftari, alimwona kutoka mbali na uso ukamng'aa. Mutiso alikuwa na mkono unaotetemeka, na foleni ilikuwa ndefu.

“Mwalimu, Mungu amekuleta,” alisema. “Keti hapa utuandikie. Wewe mwandiko unao, na hili jambo si la watu kama wewe.”

Watu walicheka kwa upole, kama wanaomsifu. Gedion aliipokea kalamu. Akaketi. Akaandika tangu asubuhi hadi alasiri: jina, namba ya kitambulisho, idadi ya wanaokula. Mjane mmoja mzee, Kavindu, alimwambia aandike watu saba, kisha akamshika mkono na kumbariki kwa kujitolea kwake. Tumbo lilimnguruma hata akaogopa watasikia. Mwishoni Mutiso aliuliza kwa sauti kama kuna aliyesahaulika. Chini ya jina la mwisho kulikuwa na mstari mtupu, na kalamu bado ilikuwa mkononi mwake. Gedion alifunga daftari akalirudisha.

Nyumbani Wayua aliuliza wameandikwa watu wangapi. Alipoona mumewe anavua tu viatu, alielewa. Hakumgombeza. Alimvua koti, akalitundika vizuri lisijikunje, na jambo hilo lilimuuma Gedion kuliko kama angetukanwa. Kisha Wayua akapanda juu ya kiti, akateremsha mbaazi za mbegu zilizokuwa zimehifadhiwa kwa ajili ya mvua ijayo.

Mbegu hizo zilikuwa zimepakwa dawa ya wadudu. Wayua aliziosha kwa maji mapya mara nne, maji yenyewe ya kutoka mbali, akazichemsha mchana kutwa. Walikula kidogo kidogo wakitazamana. Siku ya pili mjukuu mdogo, Mbithi, alitapika na kuhara mpaka macho yakazama. Gedion alimpakata kwenye bodaboda hadi hospitali. Alivaa shati lake la kola iliyogeuzwa na tai, kwa mazoea tu, na daktari alipomuuliza mtoto amekula nini, alisema mbaazi za mbegu. Daktari alimtazama juu hadi chini, akauliza kwa nini mtu mzima kama yeye ampe mtoto mbegu yenye dawa.

“Ndizo tulizokuwa nazo,” Gedion alisema, kwa sauti ya chini sana hata akaombwa arudie.

Mtoto alitundikiwa maji, akapona. Walirudi nyumbani kwenye chungu kilekile kitupu.

Baada ya wiki mbili ikasikika kwamba Mutiso na wenzake wawili wa kamati ya chakula watapita nyumba kwa nyumba, kuwatoa wasiostahili na kuwaongeza waliorukwa. Wayua alimwomba mumewe kwa mara ya kwanza katika ndoa yao avae vibaya. “Baba Ndululu, vaa ile suruali ya shamba,” alisema. “Wakikuona na tai watapita tu.” Gedion akavaa suruali iliyochanika goti na shati lisilo na vifungo, akatoka kuketi mlangoni, miguu mitupu, akiwaonea haya hata kuku wa jirani.

Mutiso alipofika uani alisimama. Mwanzoni alicheka, akidhani ni mzaha. Halafu uso ukakaza.

“Mwalimu, tangu nikujue sijakuona na nguo hii. Umejivika kwa ajili yetu?”

Wayua aliingilia, akawasihi waingie jikoni wajionee. Mmoja wao alichungulia akatoka, akisema jikoni hamna kitu. Mutiso alisema kwamba watu wamejua kuficha magunia siku za ukaguzi, na kwamba hakutegemea hilo kutoka kwa kiongozi wa kwaya. Akageuka aende, kisha akasimama kidogo.

“Kuna watu wana njaa kweli,” alisema.

Gedion alibaki pale mlangoni mpaka kivuli cha nyumba kikamwacha juani. Miaka yote alikuwa amewafundisha kumwamini kwa nguo, nao walikuwa wamejifunza vizuri.

Siku ya kugawa chakula alivaa koti la kijivu na tai, akapiga foleni na wengine. Wayua alimwambia hana haja ya kwenda, jina halimo. Alikwenda. Ilipofika zamu yake mbele ya meza, watu wakampisha wakidhani amekuja kusaidia tena.

“Jina langu halimo,” alisema, na safari hii alihakikisha anasikika. “Nililiacha mwenyewe kwa aibu. Nyumbani tuko wanne, na tangu juzi ni watoto tu waliokunywa uji. Hata siku ile mlipokuja sikuwa nimejivika. Nguo ile ndiyo yangu, na hii pia ni yangu.”

Mutiso alifunua daftari polepole, ukurasa baada ya ukurasa wa mwandiko wa Gedion, kana kwamba angelikuta jina hilo mahali. Hakuweza kumtazama. Mwishowe alisema magunia yamekuja kwa hesabu ya majina, asubiri awamu ijayo.

Gedion alisogea pembeni, akaketi kwenye ukuta wa shule. Wengi walimpita wakiangalia njia. Hakuwalaumu, kila mmoja alikuwa na midomo iliyomngoja. Kavindu ndiye aliyesimama, mjukuu wake akimbebea gunia.

“Mwanangu, una chombo?”

Hakuwa nacho. Akavua koti, akalitandaza, na mama huyo akamimina mahindi bakuli mbili. Mwanamke mwingine akaongeza moja. Gedion alifunga mikono ya koti kama mtu afungaye mzigo wa kuni, akajitwika begani, akaenda zake kwa shati. Njiani, mahali pasipo na watu, alilia.

Mahindi yale yaliisha siku ya sita. Awamu ya pili ilichelewa miezi miwili, na ya miezi hiyo Gedion hapendi kusimulia. Aligonga kokoto kando ya barabara mpaka viganja vikapasuka. Viatu viliuzwa. Wayua alikonda hata akawa anashikilia sketi yake kwa mkono akitembea kwenda mtoni.

Mutiso alikuja mwenyewe kuwaandika, nyumbani, peke yake. Gedion hakuwepo. Wayua alitaja majina manne, akamtazama mzee akiyaandika kwa mkono wake unaotetemeka, akamwonyesha pale alipokosea jina la mtoto. Mutiso alimwachia salamu za kumpa mumewe. Wayua hakuzifikisha.