Amina za Nasike

Saa kumi na moja na robo, jioni ya Jumapili, Nasike alikuwa na salio la sifuri na roho mkononi. Kabla ya saa kumi na mbili ilikuwa lazima amwandikie Kaloki, msimamizi wa shamba la maua, neno moja tu: "Nakuja." Ndivyo vibarua wa pale nje ya Kitengela walivyopangiwa kazi. Majina yakitumwa Jumapili, ujibu kwa namba yako. Ukinyamaza, nafasi anapewa mwingine. Ukinyamaza mara mbili unafutwa kabisa, na Kaloki hakuwa mtu wa kubembelezwa. Jumapili iliyopita Nasike alinyamaza. Na bila shamba hakukuwa na dawa ya kifua ya Elsie, binti yake wa miaka sita.

Si kwamba hakuweka kredo ya simu. Asubuhi aliweka ya shilingi ishirini, ikayeyuka kabla ibada haijaisha. Intaneti hakuwa nayo, simu yake ilikuwa kabambe, ile ndogo ya vitufe, na kupiga porojo kwa simu hakukujua. Basi nani alikuwa akiila? Aliwaza na kuwaza, akaamua mwizi ni Kavata, mwenye kibanda cha kredo, kwa sababu mtu akiibiwa humshuku kwanza aliye karibu.

"Wewe unaniuzia kredo gani?" alifoka hata kabla ya salamu. "Nikiweka, imeisha! Kazi yangu inaenda hivi hivi!"

Kavata alikuwa Mkamba wa Machakos, na kelele hazikumtisha. "Mama Elsie, kredo haiozi kama nyanya. Leta simu nione."

Nasike akaibana simu kifuani. Mle ndani mlikuwa na mambo yake.

"Mficha uchi hazai," Kavata akamwambia. "Na saa inaenda."

Akaitoa. Kavata akabonyeza, akasoma, akakunja uso. Kila alfajiri ulikuwa umeingia mstari wa Biblia kutoka kwa namba fupi ya tarakimu tano.

"Huyu ni nani?"

"Ni watu wa kanisa. Kuna mtu huko hunikumbuka kila asubuhi."

"Hii si kanisa, mama. Ni kampuni. Kila mstari wanakukata bob tano, na ukijibu wanakukata tena; ukiwa huna, wanaandika deni."

Nasike akakalia kreti ya soda. Kwao Bungoma neno la Mungu halipokewi kimya. Likisomwa, unaitikia Amina, na asiyeitikia ana kiburi. Yeye alikuwa ameitikia tangu Februari bila kukosa siku hata moja, maskini, akidhani ni adabu.

"Niwekee ingine basi, nimwandikie Kaloki."

"Nikiweka sasa watameza hiyo pia, kuna siku wanakudai. Kwanza uwaandikie STOP, waache. Hiyo ni bure."

"Niambie neno la Mungu istop?"

"Uambie hao watu. Mungu hana hii namba."

Zilibaki dakika kumi na mbili. Nasike alishika simu, akaiweka chini, akaishika tena. Aliogopa kufutwa shambani, na aliogopa zaidi kwamba akituma neno lile, kifua cha mtoto kingelipa. Mwishowe akafumba macho, akanong'ona, "Baba, nisamehe," akabonyeza.

Mbingu hazikuanguka. Ulikuja ujumbe kwamba amejiondoa. Kavata akaweka kredo ya ishirini, na safari hii ikakaa. "Nakuja" ikaenda, wakangoja wote wawili. Saa kumi na mbili kasoro dakika mbili Kaloki akajibu: "Sawa. Kesho saa moja, usichelewe."

Nasike alipaswa kufurahi. Badala yake alilia, akiufunika uso kwa leso. Kazi aliipata, lakini yule mtu wa kumkumbuka kila asubuhi hakuwahi kuwako.

Kavata alichukua simu amfutie zile jumbe, maana zilikuwa zimejaa. Alifuta mbili, tatu, kisha kidole kikasimama. Zile Amina hazikuwa Amina tupu. "Amina. Mniombee Elsie, kifua kinambana." "Amina. Jana alilala vizuri, mbarikiwe." Ya mwisho ilikuwa ya alfajiri hiyo: "Amina. Elsie amekataa chakula siku ya pili."

Akaiweka simu mezani polepole.

"Mama Elsie," akauliza, "mtoto amekula leo?"