Asubuhi Baba Alipoota Mguu

Nikipita buchani nikasikia harufu ya maini mabichi, naharakisha. Watu hudhani naona kinyaa. Si kinyaa, jamani. Harufu ile inanirudisha kwetu Kiwalani, ambako maini walikula minyoo na sisi tukala mchicha.

Minyoo wenyewe walikuwa wa mjomba Bakari, mdogo wake mama, aliyekuwa akisoma baiolojia chuoni. Waliitwa planaria: bapa, weusi, hawafiki urefu wa kucha, na wana macho mawili ya makengeza yaliyonichekesha sana. Mjomba aliwafuga kwa ajili ya utafiti wake, kwenye bakuli chini ya meza, maana hawapendi mwanga. Siku moja alimkata mmoja vipande viwili kwa wembe, akaniambia nisubiri. Baada ya wiki mbili kipande cha mkia kilikuwa na kichwa, na makengeza yale yale.

"Unaona? Kimeota," mjomba akasema.

Neno hilo lilinikaa akilini, kwa sababu chumbani baba alikuwa amelala na mguu mmoja. Wa kulia ulikatwa kwa sababu ya ugonjwa wa sukari. Baba alikuwa mchonga vinyago, Mmakonde wa Newala, na alichonga akiwa amekaa chini, gogo la mpingo amelibana kwa nyayo zote mbili. Kwa unyayo mmoja gogo lilimponyoka. Mama alizifunga patasi zake kwenye gunia, akazisukuma uvunguni.

Basi mchana mmoja, baba amelala fofofo kwa dawa za maumivu, nikalibeba bakuli la mjomba nikayamwaga maji yote kwenye bandeji yake, pamoja na minyoo. Nilikuwa na miaka saba.

Kesho yake asubuhi nilimpelekea uji. Alikuwa anatabasamu, jambo ambalo sikuwa nimeliona tangu atoke hospitali.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mama. Leo nimeota mguu, tena gogo..."

Sikungoja amalize. Nikatoka mbio uani nikipiga kelele, "Baba kaota mguu! Njooni mwone!" Mama akaacha kufua. Jirani yetu akaja na mwiko mkononi. Mjomba, aliyekuwa akiwatafuta minyoo wake tangu alfajiri, akaja pia. Wakajaa mlangoni. Baba akatutazama mmoja mmoja, kisha akaifunua shuka mwenyewe. Kigutu kilikuwa vile vile, minyoo wamekauka kwenye bandeji.

"Niliota usingizini, mama," akaniambia taratibu.

Kidonda kilikawia kufunga baada ya hapo. Hakuna aliyenilaumu, na hilo linaniuma mpaka leo. Baba alifariki bila kushika patasi tena.

Mjomba alinieleza baadaye kwamba planaria ana chembe changa mwilini zinazoweza kuwa chochote, kichwa hata mkia, na kwamba sisi hatukujaliwa hivyo. Hilo nililielewa upesi. Lililochukua miaka ni jingine: asubuhi ile baba alikuwa ametoka kuchonga ndotoni, na alitaka kunisimulia mimi. Hakunisimulia ndoto ile, wala nyingine.